Kiuno cha Wifi

Kilichoniuma si ile mashine. Kilichoniuma ni mikono ya mama yangu ilivyozunguka kiuno cha mke wa mdogo wangu.

Nilikuwa nimesimama pale njia ya kwetu Masama inapokutana na barabara ya magari. Nimetoka Himo asubuhi, nimebadilisha gari Moshi mjini, mfuko wa unga uko miguuni. Nikasikia ngurumo inakuja kutoka migombani. Kwanza yakatokea magurudumu manne manene, halafu wifi yangu ameshika usukani kama mtu aliyezaliwa nao, kilemba kimekaa sawasawa. Na nyuma yake mama. Mama yangu mzazi, ambaye tangu nipate akili sikumwona akimkumbatia mtu, amemshika wifi kiuno kwa mikono miwili, shavu kaliegemeza mgongoni pake, anacheka. Anacheka, jamani! Meno yote yaliyobaki yako nje.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Umemwona dereva wangu?"

Hata habari za safari hakuniuliza. Wivu ulinipanda palepale, na sitaki kumdanganya mtu: haujashuka wote hadi leo.

Kwetu Uchaggani mtoto wa kike ni mgeni anayengoja kuondoka. Mimi ndiye kifungua mimba, lakini kihamba, yaani lile shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee, kilikwenda kwa kitinda mimba, mdogo wangu wa kiume. Mila ndivyo ilivyo, na si mimi niliyeitunga. Anayerithi kihamba anarithi na mama. Na kwa kuwa mdogo wangu alikuwa mpishi kwenye kambi ya watalii huko mbugani, mwezi mzima haonekani, aliyemrithi mama hasa ni mkewe. Mwanamke aliyetoka kijiji cha pili, aliyemkuta mama tayari ana mvi, ndiye aliyempikia mtori wa ndizi, ndiye aliyemkanda nyonga, ndiye aliyejua chai yake inatiwa sukari kiasi gani. Mimi niliyenyonya titi lile nikawa mtu wa kuja na mfuko wa unga.

Si kwamba nilikuwa hohehahe. Biashara zilipoachiwa watu binafsi, mimi na marehemu mume wangu tulifunga mashine ya kusaga pale Himo. Alipofariki, watu wakasema nitaiuza nirudi kwetu. Niiuze? Thubutu! Nilishika spana. Nilijifunza kufungua puli, yale magurudumu yanayozungusha mkanda, kukaza mkanda wenyewe, kubadilisha beringi, hadi wanaume wenye mashine zao wakawa wananiita niende nikawasikilizie mikanda yao. Ndiyo, kusikiliza. Mkanda uliolegea una sauti yake, mkanda uliokauka una sauti yake, na ule unaokaribia kukatika unakuambia kabisa kama una masikio.

Na nyuma ya nyumba yangu nilimjengea mama chumba. Sakafu ya sementi, kitanda, neti, choo hatua sita bila ngazi hata moja. Miaka minne chumba kile hakikulaliwa na mtu. Nikimwambia ashuke, anasema Himo kuna joto. Nikanunua feni. Akasema Himo kuna vumbi.

Sasa, mama huyohuyo nyonga ilianza kumkataa. Nyumba yetu iko juu, na ili ufike barabarani unashuka bonde, unavuka mfongo, ule mfereji wa maji waliouchimba wazee, kisha unapanda tena. Gari haipiti. Kwa mguu ule, kanisa lingekuwa mbali, zahanati ingekuwa mbali, hata rafiki yake wa tangu usichana angekuwa mbali. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naingojea nyonga ile. Nilijua siku ikigoma kabisa, mama hana pa kwenda ila kwangu.

Ndipo ikaja mashine. Mwekezaji mmoja aliyekodi shamba la kahawa huko chini alikuwa na vigari viwili vidogo vya kuzungukia mashamba. Unakaa kama kwenye pikipiki, lakini magurudumu ni manne, na hakuna klachi ya mkono wala ya mguu, unaweka gia unapiga mafuta unakwenda, matope, mawe, makorongo, popote. Bei ya kahawa ilipoanguka, bwana yule akafungasha virago. Mdogo wangu, aliyewahi kumpikia, akaachiwa kimoja. Kijijini wakakiita Chura, kwa jinsi kilivyochuchumaa. Mdogo wangu akamfundisha mkewe kwa wiki moja, akarudi kazini kwake. Tangu hapo wifi akawa anambebesha Chura majani ya ng'ombe, anambebesha ndizi, anambebesha maziwa, na Jumapili anambebesha mama.

Basi nyonga niliyokuwa naitegemea ikakosa kazi.

Krismasi ile nilipanda nyumbani kama kila Mchagga. Tulikaa jikoni, mimi na wifi, tunamenya ndizi. Wifi akasema, kwa ile sauti yake ya upole inayonikera, "Wifi, wewe ni mtu wa mashine. Chura mkanda wake unalia asubuhi, hasa kukiwa na umande. Nifanyeje?"

Wakati anauliza, nje namsikia mama akimwambia jirani kwamba huyu mkwe wake angezaliwa mwanamume angeendesha ndege. Nilisikia kila neno. Kisu kiko mkononi, utomvu umenijaa vidole. Shingo sikuigeuza.

"Paka sabuni," nikasema. "Ya mche. Ikiwa kavu."

Kwenye mashine ya kusaga ndivyo tunavyofanya. Mkanda ukipiga kelele unaugusisha kipande cha sabuni ya kufulia, unatulia, kazi inaendelea. Lakini Chura sikuwahi kumfungua. Tumbo lake likoje sikulijua. Wifi angekuwa mteja wangu, ningemwambia ngoja kwanza nione. Hakuwa mteja wangu. Alikuwa mwanamke aliyeshikwa kiuno na mama yangu.

"Ahsante, wifi," akasema, akaendelea kumenya.

Masika yalipokolea, nikapigiwa simu. Siku hizo simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuzoeleka, na wifi alikuwa na moja aliyoachiwa na mumewe. Chura amegoma, akasema. Ukimwasha anawaka vizuri, lakini ukiweka gia inasaga meno, na ikiingia anaruka mbele kama kachomwa mwiba, injini inakufa. Fundi ameitwa kutoka Moshi mjini, amekuja mara mbili, hajaona kitu. Mama hajatoka nje ya kihamba wiki ya tatu sasa.

"Pole sana, wifi," nikasema. Nilisema kwa mdomo.

Kisha mama akachukua simu. Hakuzoea simu, alikuwa akipiga kelele kama anaita mtu ng'ambo ya bonde. "Mwanangu! Kile chumba bado kipo?"

Nilifunga mashine saa nne asubuhi, wateja wamepanga foleni na debe zao. Nikaenda kufua mashuka yaliyokuwa safi.

Nilipanda Masama siku ya Jumamosi. Mpango ulikuwa huu: Jumatatu pikapu ingetungoja barabarani, na wanaume wanne wa ukoo wangembeba mama kwenye kiti hadi pale. Nikamkuta fundi uani, kijana wa mjini, amepiga magoti kwenye matope kando ya Chura. Alikuwa amebadilisha plagi, amesafisha kabureta, amemwaga mafuta ya zamani akatia mapya.

"Shikamoo mama. Hapa ni gia boksi," akaniambia. "Imekwisha. Na vipuri vyake sijui kama vinapatikana hata Dar." Kisha akashusha sauti, ingawa wifi alikuwa amesimama palepale. "Unajua, mwanamke na injini, wapi na wapi."

Wifi aliinamisha kichwa. Akanitazama mara moja, haraka, akarudisha macho chini. Nilidhani ni aibu, na nikafurahi. Nisiseme uongo, nilifurahi sana. Dereva wa ndege, kwisha habari yake!

Fundi akamwasha Chura anionyeshe. Injini ikanguruma polepole, gia haijaingizwa. Na chini ya ule mngurumo nikasikia kitu kingine: fff, fff, fff. Mkanda unazunguka.

Haukupaswa kuzunguka. Hata mimi niliyekuwa sijawahi kumfungua Chura niliweza kulikisia hilo. Gari lisilo na klachi ya mguu lazima liwe na klachi kwenye puli. Injini ikinguruma taratibu, puli inauachia mkanda. Ukipiga mafuta, inaubana na kuuvuta. Hii ya Chura ilikuwa imeubana hata akiwa amesimama, haiachii. Ndiyo maana gia inasaga, ndiyo maana anaruka, ndiyo maana anazimika. Gia boksi ilikuwa nzima kabisa. Puli ilikuwa imekwama, basi.

Nilijua. "Pole na kazi, fundi," nikasema, nikaingia ndani kumfungia mama nguo zake kwenye mfuko.

Jumapili asubuhi wifi na watoto wake walikwenda ibadani kwa miguu. Nilitegemea mama atalala kidogo. Nikamkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni, amevaa gauni lake la kanisani, kitambaa cheupe kichwani, kitabu cha nyimbo mapajani. Kengele ikalia huko chini. Akafungua kitabu. Nyimbo zilipoanza kupanda bondeni, akawa anageuza kurasa nazo.

"Mama, mbona umevaa?"

"Ni Jumapili," akasema.

Nikaona niutafutie mkono wangu kazi. Mtu wa spana hawezi kupita kando ya boliti akatulia, na mimi nilitaka tu kuhakikisha kwamba nilisikia sawa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nikatoa boksi la spana la mdogo wangu uvunguni, nikaenda bandani alikosogezwa Chura, nikafungua kifuniko cha ubavuni, boliti moja moja, nikiziweka kwenye sufuria zisipotee.

Kifuniko kilipotoka, harufu ikanipiga usoni. Naijua harufu ile. Nafulia nayo kila wiki.

Puli ya mbele ilikuwa sahani mbili zinazotazamana, moja imekaa imara, nyingine inatakiwa itembee kwenye mhimili wake, isogee ibane, irudi iachie. Ile ya kutembea ilikuwa haitembei hata unywele. Kati yake na mhimili palikuwa na uji mgumu, rangi ya majivu, umechanganyika na vumbi la kiangazi na maji ya masika, umeiva kwa joto la mkanda. Nikakwangua kwa ukucha. Nikatia mate, nikasugua kwa vidole. Povu.

Loo! Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikaa chini kwenye majani ya ng'ombe.

Na haikuwa mara moja. Mkanda wote pembeni ulikuwa na magamba, tabaka juu ya tabaka. Yule mwanamke alikuwa amepaka kwa uaminifu, kama anavyofanya kila kitu. Alijiambia, nimeagizwa na wifi mtu wa mashine, basi napaka. Unalia tena? Napaka tena. Mashine yangu ya kusaga puli zake ni chuma kimoja kisichocheza, sabuni haina pa kwenda ila kudondoka sakafuni. Hii inafumba na kufumbua, na sabuni ilikuwa imeingia mahali penyewe pa kufumbulia.

Je, nilijua siku ile jikoni? Nimejiuliza mara nyingi. Sikujua kwamba itakwama. Lakini nilijua kwamba sijui, nikajibu hivyohivyo, kwa sababu mtu aliyeuliza sikumtakia jibu zuri. Naona hakuna tofauti kubwa.

Basi nitasema nilichofanya, maana mficha uchi hazai. Nilirudisha kifuniko. Nikakaza boliti, moja moja, zote. Nikarudisha boksi uvunguni, nikanawa mikono. Hakuna aliyeona. Kesho pikapu ingekuja, mama angelala kwenye chumba chake, na Chura angeota kutu bandani huku wakimsema wifi na uendeshaji wake. Nikatia mtori kwenye bakuli nikampelekea mama.

Hakuula. Akasema, "Hebu nipeleke nikamuage baba yako."

Kaburi la baba liko chini kidogo, katikati ya migomba. Njia imelowa, na fimbo peke yake haikutosha. Nikampa mkono. Akaukataa, akasema hivi atatuangusha wote wawili. Akazunguka nyuma yangu na kunishika kiuno.

Jamani. Mikono ile nilikuwa nimeingojea miaka. Nilipoiona kwenye kiuno cha mwenzangu, niliilaani. Sasa ilikuwa kwangu, miwili yote, na haikunikumbatia. Ilinikamata, kama mtu anayevuka mto anavyokamata mti. Kila hatua alikuwa akivuta pumzi kwa maumivu, na sauti yake ilikuwa palepale kwenye bega langu. Shavu hakuliegemeza. Hakucheka.

Tulipofika alisimama. Nikangoja sala. Mama hakusali. Aliliambia kaburi, kwa sauti ya kawaida, kama anavyoongea na mtu aliye chumba cha pili:

"Mzee, mimi nashuka Himo. Kuna feni."

Basi, ni hayo tu. Akasema turudi.

Nilimrudisha kwenye kigoda chake. Nikaenda jikoni nikabandika maji, nikarudi uvunguni kuchukua spana, na njia nzima nilikuwa nikilia na kutukana. Nilimtukana wifi, nikamtukana Chura, nikamtukana yule mwekezaji na kahawa yake, nikajitukana na mimi. Nikafungua boliti zilezile. Sabuni ina wema mmoja: haigombani na maji ya moto. Nilimwagia puli maji ya moto kidogo kidogo kwa kikombe, nikasugua kwa mswaki wa zamani, nikamwagia tena. Povu lilitoka la kijivu, halafu jeupe. Nikafuta mhimili kwa kitambaa chenye petroli, nikaulainisha kwa msasa uliochakaa. Nikaitia ile sahani bisibisi nikaisukuma. Ng'o. Nikasukuma tena kwa hasira zangu zote, za miaka yote minne, ikalia kwaa! ikarudi nyuma mahali pake, na mkanda ukalegea.

Grisi sikutia hata tone. Mkono ulitamani, maana sisi wa mashine za kusaga tumezoea kupaka chochote kinachokwama, na huko kupaka ndiko kulikotufikisha hapo. Nilikausha kila kitu kwa kitambaa, nikauanika mkanda juani, maana jua lilikuwa limetoka kidogo, kisha nikafunga.

Wifi alinikuta nimechuchumaa hivyo, magoti yamelowa. Alikuwa na mayai sita kwenye kitambaa, aliyoyanunua mnadani nje ya kanisa, pale wanapouza sadaka za shambani baada ya ibada. Akayatazama maji ya povu yaliyotiririka hadi mlangoni kwa ng'ombe. Akaweka mayai chini taratibu.

"Ulipaka sabuni," nikasema.

"Uliniambia nipake."

"Mara ngapi?"

"Kila Jumamosi."

Ningecheka kama ningeweza. "Sasa mbona hukumwambia fundi? Amekutukana mbele yangu, umenyamaza! Mbona hukusema ni mimi?"

Wifi yangu haongei haraka. "Mwanzoni sikujua kama ni sabuni," akasema. "Halafu nikaanza kuhisi. Nikasema, huyu ni mtu wa mashine, hawezi kukosea kitu kama hiki. Nikaona basi, amefanya kusudi. Nikasema, mtu akimtaka mama yake kiasi hicho, nani mimi nimzuie?"

Kama angenipiga kofi ningemrudishia, na ningepona haraka. Niliuweka mswaki chini.

"Sikufanya kusudi," nikasema. Kisha nikasema, "Lakini jana nilisikia mkanda, nikajua. Na leo nilifungua, nikaona, nikafunga tena. Hilo nilifanya kusudi."

Nikatoka bandani, nikaenda mpakani ambako masale, ile mimea ya kuwekea mipaka, yamepandwa tangu enzi za babu, nikakata jani moja. Kwetu sale haliletwi kwa mchezo. Ukimpelekea mtu uliyemkosea, hawezi kukataa kusamehe, hata awe na uchungu wa namna gani, kwa hiyo huendi nalo mpaka uwe umekubali kosa lako lote. Katika maisha yangu sikuwahi kumpelekea mtu. Nilimpa wifi kwa mikono miwili, mkubwa kwa mdogo, mikono inanuka petroli.

Alilipokea. Akawa analikunja na kulikunjua.

"Unajua nini, wifi?" akasema. "Mama akikaa nyuma yangu anakutaja wewe tu njia nzima. Binti yangu ana mashine Himo. Binti yangu anafungua injini mwenyewe. Polepole hapo, binti yangu asingepitia hapo. Siku nyingine natamani nimshushe mfongoni." Machozi yalikuwa yakimtoka huku anacheka. "Binti yangu! Na mimi ndiye niliyemfulia gauni."

Mlangoni mama alikuwa bado amekaa, kitabu mapajani. Ukweli ni kwamba kutoka bandani hadi mlangoni si mbali, na masikio ya mama bado ni mazima.

Wifi akapanda, akamwasha Chura. Akanguruma polepole. Nikainama kusikiliza: chini ya mngurumo hakuna kitu, kimya. Wifi akaweka gia. Ikaingia bila kusaga. Chura hakuruka, alisimama palepale akingoja kuambiwa. Wifi akapiga mafuta taratibu, akaenda hadi kwenye kigoda. Mama akafunga kitabu cha nyimbo.

"Ibada si imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha, mama."

"Basi nipeleke kwa rafiki yangu. Amekaa wiki tatu bila kunisema uso kwa uso."

Jumatatu nilifunga mfuko wangu peke yake. Wanaume wanne wa ukoo walikuja, wakakuta hakuna wa kubebwa, wakapewa pombe ya mbege, wakarudi makwao. Wifi aliniletea nusu mche wa sabuni uliobaki, ameufunga kwenye jani la mgomba. "Sabuni yako hiyo," akasema, na uso wake mkavu kabisa. Nikaipokea, nikatangulia kwa miguu.

Pikapu ilikuwa imefika barabarani. Dereva ametandika godoro nyuma, ameweka na mto, mtu mwema. Nyuma yangu Chura akapanda kutoka bondeni na mama juu yake, amesema lazima anisindikize.

"Mgonjwa yuko wapi?" dereva akauliza, anatazama huku na huku.

"Mgonjwa ni huyo hapo," mama akasema, akaninyooshea kidole mimi. "Lakini amepata nafuu."

Dereva alicheka akidhani ni utani wa wazee. Mimi sikuweza kumtazama mama. Akaniita nisogee, nikainamisha kichwa, akanitemea mate ya baraka utosini, akaniambia nimsalimie feni. Kisha akazungusha mikono yote miwili kwenye kiuno cha wifi, akaliegemeza shavu.

Niliumia. Niliumia kama siku ile ya kwanza, mahali palepale, barabara ileile. Nikasimama nikisikiliza wanavyoshuka bondeni. Asubuhi hiyo kulikuwa na umande, na karibu na mfongo mkanda ukaanza kulia kidogo, kilio cha mkanda mzima usio na kasoro yoyote. Nikauacha ulie.

Nikapanda mbele na dereva, godoro nyuma likiwa tupu, tukaenda zetu Himo.